Hela Iliyogeuka Bati

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa nilipanda daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, nikachukua bodaboda mpaka Chamazi, kwenda kumdai mtu mwenye umri wa baba yangu hela niliyomlipa kwa mkono wangu. Mkobani nilikuwa na barua yenye mhuri wa kampuni. Ilisema amelipwa zaidi ya stahiki zake kwa shilingi 1,410,000, azirudishe ndani ya siku 7, vinginevyo hatua kali za kisheria zitachukuliwa dhidi yake. Barua ile niliichapa mimi. Hatua zenyewe ni zipi sikuzijua, na nadhani hata aliyeniamuru niandike hakuzijua.

Mzee alikuwa barazani anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Mama, tuletee maji, nimepata mgeni wa kazini."

Miezi miwili na ushee tangu aondoke, bado alikuwa anapaita kazini. Nikanywa maji, nikauliza habari za nyumbani, nikaulizwa habari za wenzangu mmoja mmoja kwa majina, na muda wote huo barua inanichoma mkobani. Nilipompa, alivaa miwani, akaisoma taratibu mpaka chini kwenye mhuri, akaikunja. Hakupandisha sauti. Alinyoosha kidole juu, kwenye bati mpya za geji 28 zilizokuwa bado zinang'aa.

"Hela yenyewe hiyo hapo juu. Tangu umekaa inakukinga jua."

Naandika haya kwa sababu kila mwaka napokea simu za watu walio katika moja ya pande mbili za baraza ile. Kuna anayepiga kwa sababu ameacha kazi na sasa ofisi inamdai. Kuna mhasibu mwenzangu aliyekosea hesabu na anatetemeka. Wote huanza na swali lilelile: je, sheria inasema hela inarudi au hairudi? Jibu ni fupi, inarudi. Ila baada ya jibu hilo kuna mambo mengi ambayo ofisi hazipendi kuyasikia, na ndiyo yaliyonifunza kazi yangu upya.

Nieleze kwanza kosa lilivyotokea, maana hapo ndipo kila kitu kinapoanzia.

Nilikuwa natayarisha mishahara katika kiwanda kimoja cha Chang'ombe. Kampuni ilifunga sehemu moja ya uzalishaji, ikapunguza wafanyakazi, na Mzee akiwa mtunza stoo alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ametumikia miaka 13. Mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 780,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile Sheria Na. 6, inataja kwenye kifungu cha 44 anachotakiwa kulipwa mtu ajira yake inapokoma: ujira wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hajaichukua, notisi kama hakupewa muda wake, kiinua mgongo kama anastahili, na nauli ya kumrudisha alikoajiriwa kama alitolewa mbali. Mzee aliajiriwa hapohapo Dar es Salaam, kwa hiyo nauli haikuwepo. Nikaweka mshahara wa mwezi 780,000, notisi 780,000, likizo 780,000. Kiinua mgongo ni ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwetu wiki ilikuwa na siku 6 za kazi, kwa hiyo siku moja ya Mzee ilikuwa na thamani ya shilingi 30,000 hivi. Siku 7 mara miaka 13 mara 30,000 ni 2,730,000. Jumla, kabla ya makato, 5,070,000. Bosi akasaini, benki ikalipa, tukaagana na Mzee kwa soda na keki.

Mwezi wa nane wakaja wakaguzi wa nje. Kijana mmoja akaja mezani kwangu na jalada la Mzee, akaniuliza mambo mawili. La kwanza, likizo hii ya 780,000 ni ya lini, wakati kwenye jalada la idara ya stoo kuna fomu inayoonyesha kwamba alikwenda likizo mwezi wa tatu akamaliza siku zote 28? Fomu ilisainiwa na mkuu wa idara, ikabaki hukohuko, haikufika kwenye rejista yangu. La pili, kiinua mgongo kwa sheria kina ukomo wa miaka 10. Mbona wewe umelipa 13?

Nilihisi miguu imekufa ganzi. Likizo 780,000, miaka 3 ya ziada 630,000. Jumla 1,410,000.

Jioni ile niliitwa juu. Bosi alitumia neno ambalo tangu mwaka 2016 limekuwa jepesi sana midomoni mwa watu. Alisema Mzee amekula "mshahara hewa". Mnakumbuka mwaka ule, Serikali ya Rais John Magufuli ilipowasaka watumishi hewa na kuondoa majina zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Ilikuwa kazi ya lazima, fedha za umma zilikuwa zinavuja. Lakini tangu hapo mtu yeyote aliyelipwa kitu kisicho chake anavalishwa joho lilelile, awe aliiba, awe hajui kama amelipwa. Mzee hakughushi karatasi. Mzee alipokea bahasha niliyomwandalia mimi, akasaini pale nilipomwonyesha asaini.

Kisha bosi akasukuma karatasi nyingine kwangu. Ilisema kama Mzee hatalipa, nitakatwa mimi. Nikasaini, kwa hofu tu, bila kuisoma vizuri.

Aliyenifungua macho ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi pale kiwandani, mama mmoja wa idara ya ufungashaji aliyekuwa na nakala ya sheria iliyochakaa, imepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Nilimkuta kantini Jumatatu baada ya safari yangu ya Chamazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mdogo wangu, mmeanza na barua. Barua ni ya mwisho. Ya kwanza ni kuhakikisha kama kweli mlikosea."

Sikumwelewa. Akaenda kabatini akaleta mkataba wa hali bora, ule uliosainiwa kati ya kampuni na chama miaka minne nyuma. Akafunua ukurasa wa kiinua mgongo. Palisema mfanyakazi atakayepunguzwa atalipwa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi. Neno ukomo halikuwepo. Miaka 10 inayotajwa na sheria ni kiwango cha chini ambacho mwajiri hawezi kushuka chini yake, na kampuni ilikuwa imekubali kwa saini yake kupanda juu zaidi. Mkataba wa hali bora unambana mwajiri kama mkataba mwingine wowote. Kwa hiyo zile 630,000 zilikuwa haki ya Mzee. Mimi niliziweka kwa kutojua ukomo, mkaguzi akazikataa kwa kutojua mkataba, na bosi akataka kuzirudisha kwa kutouliza. Watu watatu tulikuwa tumekaa juu ya hela halali ya mtu na hakuna aliyefungua kabati.

Hapo ndipo nataka wenzangu wa mahesabu watue kidogo. Mara ngapi tumemwandikia mtu kwamba amezidishiwa, wakati tulichokisoma ni sheria peke yake, hatukusoma mkataba wake wa ajira, wala kanuni za kampuni, wala makubaliano na chama? Anayedai kwamba alilipa kimakosa ndiye mwenye mzigo wa kulionyesha kosa, na kulionyesha maana yake ni kuweka mezani hesabu ya zamani, hesabu mpya, na karatasi inayothibitisha tofauti. Mzee tulimpelekea tarakimu moja tupu. Hata mimi ningeikataa.

Ikabaki likizo. Hiyo ilikuwa kosa kweli, fomu ipo, saini yake ipo. Hapa sheria haina huruma na mtu. Kifungu cha 28 cha sheria ileile ya 2004 kinamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi arudishe ujira aliokwisha kulipwa, halafu kinaacha mlango mmoja tu wazi: malipo yaliyozidi kwa sababu ya kukosea hesabu ya ujira. Na nje ya sheria za kazi ipo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo kifungu chake cha 72 kinasema aliyelipwa fedha kwa makosa lazima azirudishe. Kifungu hicho kina safari ndefu. Maneno yake yalitoka kwenye Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, wakoloni wakaileta Tanganyika, na mwaka 1961 tulipotunga sheria yetu tukayabakiza karibu kama yalivyokuwa. Chini yake kuna wazo la zamani zaidi. Mwaka 1841 mahakama moja ya Uingereza ilisikiliza shauri la kampuni ya bima iliyomlipa mjane fedha za bima ya mumewe, wakati bima ilikuwa imeshakufa kwa kutolipiwa ada. Wakurugenzi walijua hapo awali kwamba imekufa, wakasahau, wakalipa. Wakili wa mjane akasema uzembe ni wao. Majaji wakasema uzembe wa mlipaji haumfanyi mpokeaji kuwa mwenye mali, maadamu mlipaji aliamini anadaiwa.

Nilipoyasoma hayo nilipumua, nakiri. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikiamini kwamba kwa kuwa kosa ni langu, Mzee hana deni na mimi ndiye nitakayelilipa. La hasha. Kosa langu halikufuta deni lake. Lakini pia halikumgeuza mwizi, na hilo ndilo bosi wangu hakutaka kulisikia. Wizi katika Kanuni ya Adhabu unahitaji kuchukua kwa hila na bila kuamini kwamba una haki ya kitu hicho. Mtu aliyepewa, akaambiwa ni mafao yako, akasaini mbele ya wenyewe, hana hila. Nilimuuliza Mzee siku ile barazani kama aliona kiasi kimekuwa kikubwa. Akanijibu, "Binti yangu, mimi sijawahi kuachishwa kazi. Ningejuaje kubwa ni ipi na ndogo ni ipi? Nikasema miaka 13, Mungu kaniona."

Ni kweli mambo hugeuka pale mtu anapojua. Ukiona benki imeingiza mshahara wa mwezi wa saba wakati wewe uliondoka mwezi wa sita, hapo hakuna cha kudhani ni kiinua mgongo. Nawaambia watumishi wa umma hasa, maana huko hutokea mtu amestaafu, au amehamia sekta binafsi, na mshahara unaendelea kuja kwa sababu jina halijaondolewa kwenye mfumo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zimekuwa zikilitaja jambo hili mara kwa mara. Andika barua kwa mwajiri siku unayoiona hela hiyo, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, na usiiguse. Ukikaa kimya, ukaulizwa ukasema hujaona kitu, umetoka kwenye uwanja wa deni umeingia kwenye uwanja mwingine kabisa, na barua ile moja ndiyo ingekulinda.

Kwa Mzee tulikuwa kwenye uwanja wa deni. Sasa likaja swali ambalo ofisi nyingi hulirukia: deni la kiasi gani?

Barua yangu ya kwanza ilidai likizo yote, 780,000. Katibu wa tawi akaniuliza, "Ulimpa mkononi 780,000?" Nikafungua hesabu. Mwezi ule Mzee alikuwa na mshahara na notisi, jumla 1,560,000, na likizo ikakaa juu yake. Kwa viwango vya kodi ya mapato ya ajira, kile kinachozidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi kinatozwa asilimia 30. Likizo nzima ilikuwa juu ya kiwango hicho. Kodi yake ni 234,000, na hiyo niliipeleka TRA mwenyewe kabla ya tarehe 7 ya mwezi uliofuata, kama inavyotakiwa. Mzee alipokea 546,000. Tulikuwa tunamdai zile 234,000 ambazo hajawahi kuzishika, ambazo hajui hata kama zilikuwepo. Sheria inamtaka aliyepokea arudishe alichopokea. Kilichokwenda TRA ni cha kampuni kukifuatilia kwa kurekebisha ritani zake, na nilikifuatilia, na ni kazi ya kuchosha. Uchovu wa mhasibu si sababu ya kumtwisha mtu aliyekwisha kuondoka.

Kutoka 1,410,000 tukawa tumeshuka hadi 546,000. Fikirieni kama Mzee angekuwa mtu wa kuogopa mihuri, angeuza bati.

Jambo la tatu ndilo ninalolishikilia zaidi ya yote. Mfanyakazi anapokuwa bado kazini, mwajiri ana mkono ndani ya mshahara wake, na ndiyo maana sheria imeufunga mkono huo kamba. Makato lazima yaruhusiwe na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi akubali kwa maandishi kwamba anadaiwa. Siku mfanyakazi anapotoka getini na malipo yake ya mwisho, mkono ule umekatika. Mwajiri wa zamani anakuwa mdai kama muuza duka wa mtaani anayedai hela ya mchele. Anaweza kuomba, anaweza kukubaliana, anaweza kwenda mbele ya chombo cha sheria. Hana kingine.

Lakini waajiri husahau kwamba mkono umekatika. Bosi wangu aliniagiza nizuie cheti cha utumishi cha Mzee mpaka alipe. Kifungu kilekile cha 44 kinasema ajira ikikoma mwajiri atampa mfanyakazi cheti cha utumishi. Hakisemi akiwa hana deni. Cheti hakikuwa rehani. Mzee alikuwa anakihitaji kwa sababu kuna godauni la Kurasini lilikuwa tayari kumchukua, na kila Ijumaa walikuwa wanamuuliza kimefika wapi. Yaani tulikuwa tunamdai hela huku tumemzibia njia ya kuipata. Nilikichapa cheti kile Jumanne, nikampelekea bosi pamoja na nakala ya kifungu, nikasimama mpaka akasaini. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani niliupata kwenye ile baraza.

Na polisi. Nimeshuhudia kwingine mtu anapigiwa simu na askari aitwe kituoni "kuelewana" kuhusu mafao yaliyozidi. Polisi hawakusanyi madeni. Mwajiri mwenye hoja apeleke mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na aangalie kalenda, maana kanuni za Tume zinatoa siku 60 kwa migogoro isiyo ya kuachishwa kazi, na anayechelewa lazima aeleze sababu nzito. Kule msuluhishi huwaketisha wote wawili, na mara nyingi hesabu mbovu hufia mezani kwake.

Binamu yangu wa Mombasa aliposoma rasimu ya makala hii alisema kwao ni tofauti kidogo, na kweli ni tofauti. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamtaja wazi mwajiri aliyelipa ujira uliozidi kwa makosa na kumruhusu aukate kwenye mshahara. Lakini makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuvuka theluthi mbili za ujira, ili mtu asirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo mwajiri wa Kenya anayegundua kosa kabla ya malipo ya mwisho ana nafasi nzuri kuliko wa kwetu. Akigundua baada ya mtu kuondoka, wanafanana: hakuna mshahara wa kukata. Zanzibar nako wana Sheria yao ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo msichukue vifungu nilivyovitaja hapa mkavipeleka Unguja.

Kabla sijarudi Chamazi, ile karatasi niliyosaini mimi. Katibu wa tawi aliisoma akatikisa kichwa. Ndiyo, mfanyakazi aliyesababisha hasara anaweza kukatwa, lakini kifungu cha 28 kinaweka masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi kilivyohesabiwa, mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha kupinga, kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mimi niliwekewa karatasi saa kumi na moja jioni nikaambiwa saini. Tena hasara ilikuwa ya nani? Fomu ya likizo ilikaa idara ya stoo miezi mitatu. Hesabu yangu ilipita kwa bosi akasaini bila kuitazama. Hapakuwa na mtu wa pili wa kuhakiki, na mara mbili nilikuwa nimeandika kumwomba. Niliandika barua kupinga karatasi ile, nikiambatanisha maombi yangu ya nyuma. Haikujibiwa, na sikukatwa hata senti.

Nilirudi kwa Mzee Jumamosi iliyofuata. Safari hii nilibeba cheti chake, ukurasa wa mkataba wa hali bora, fomu ya likizo yenye saini yake, na karatasi moja yenye hesabu zote mbili. Nilianza na cheti. Kisha nikamwomba radhi kwa barua ya kwanza. Nikamwonyesha zile 630,000 nikamwambia hizi ni zako, hakuna wa kuzigusa. Ndipo nikafungua fomu ya likizo.

Akaitazama saini yake muda mrefu. "Mwezi wa tatu. Nilikwenda kumzika shemeji Masasi." Akanyamaza. "Hii kweli. Hii nilikula mara mbili."

Nilimwambia ni 546,000. Akasema hana kwa mkupuo, na hilo nilikuwa nalijua, lilikuwa linang'aa juu yetu. Tukakubaliana miezi 6, shilingi 91,000 kila mwezi, kuanzia mwezi wa pili wa kazi yake mpya. Tukaandika nakala mbili, mke wake akawa shahidi. Hapo nikafanya kitu ambacho sasa huwaonya wote wasikifanye. Kwa kutaka kumrahisishia, nikamwambia awe ananitumia kwenye simu yangu, mimi nitaingiza ofisini.

"Hapana, binti yangu," akasema. "Hela ya kampuni haiingii kwenye simu ya mtu. Nipe akaunti."

Alikuwa sahihi kuliko mimi niliyesomea kazi hii. Siku hizi kila mtu ameshapata ule ujumbe wa "nimetuma kimakosa, naomba rudisha kwa namba hii". Mtu aliyeacha kazi akipigiwa simu na sauti inayojiita ofisini, asitume kitu. Adai barua, adai hesabu, alipe kwenye akaunti yenye jina la kampuni, abaki na risiti. Hata anayepiga akiwa mwaminifu, kesho anaweza kuhama, na risiti ya simu yake haitamtetea mlipaji mbele ya mhasibu mpya.

Mzee alilipa kwa wakala wa benki pale Chamazi, kila tarehe 5, na kila mara akanipigia kunisomea namba ya muamala. Mwezi wa nne alichelewa siku tatu kwa sababu mjukuu alilazwa, akapiga kabla ya tarehe kunijulisha. Malipo ya 6 aliyaleta mwenyewe kwa miguu yake hadi getini, akiwa amevaa sare ya godauni, na risiti zote sita amezifunga kwa mpira.

"Nataka barua," akasema. "Mlinipa ya kudaiwa, nipe ya kutodaiwa."

Nilimketisha kwenye kiti cha mapokezi, nikaenda kuichapa. Niliandika jina lake, kiasi, tarehe zote sita, na sentensi moja kwamba kampuni haina dai lolote juu yake. Bosi alisaini bila neno. Mzee aliisoma mpaka chini kwenye mhuri, kama alivyosoma ile ya kwanza, akaiingiza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha utumishi, akaniuliza kama stoo siku hizi nani anashika funguo.